Kitabu Kinachoanzia Mwishoni

Dada yangu hakuwahi kusoma kitabu changu hata kimoja. Miaka kumi na tisa tumepanga chumba kimoja cha biashara, yeye na cherehani yake upande wa dirisha kwa ajili ya mwanga, mimi na vitabu vyangu vya mitumba upande wa mlango kwa ajili ya wapita njia, na katikati yetu ipo meza yake ya kukatia ambayo nimejigonga nayo nyonga mpaka nimezoea. Watu wa mtaa wanamwita Milimita. Ukimwambia suruali ipunguzwe kidogo, atakuuliza kidogo ni ngapi, na usipojua hataigusa. Mtu wa namna hiyo hana haja na vitabu. Kwa hiyo Jumatatu ile aliponyanyua kichwa na kusema, "Mdogo wangu, nitafutie kitabu cha sataranji," nilidhani kuna mteja nyuma yangu.

"Cha nani?"

"Changu. Cha mtu asiyejua kitu kabisa."

Hakuwa anatania. Dada akitaka kutania huacha kwanza kukanyaga cherehani, na mguu wake ulikuwa bado unakwenda. Nikajua ni habari ya mtoto.

Hii habari ya mtoto nitaisema haraka kwa sababu inanikera. Dada ana mtoto mmoja wa kiume, na mtoto wa dada yangu ni wangu. Ananiita mama mdogo, na nimemlea sawa na alivyomlea yeye, ila mimi nilikuwa mlegevu. Alikuwa akipaka rangi magari kwenye gereji. Siku moja akapigana na mwenzake wa kazi, ugomvi wa kipuuzi juu ya brashi, na yule mwenzake akapoteza jicho. Kijana akakimbilia nyumbani, akabadilisha nguo, akatoka. Alipoulizwa baadaye akasema siku ile hakufika gereji kabisa. Mpelelezi alipopiga hodi, mimi na dada tulikuwa tumelishika shati, shati la mistari ya buluu alilomshonea dada mwenyewe, na damu kifuani. Nilikuwa nimeshajaza beseni maji. Nikamnong'oneza, "Litumbukize, halafu tutajua la kusema." Dada akalikunja shati vizuri kama la mteja, akaenda mlangoni, akampa mpelelezi. Mtoto akafungwa miaka minne.

Tangu siku ya hukumu hakusema na mama yake. Miezi kumi na minne. Gereza linaruhusu wageni Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, na kila Jumamosi hiyo dada alikwenda, akaandikisha jina, akakaa kwenye benchi, na jibu likaja lile lile: hataki kutoka. Niliwahi kwenda peke yangu mara moja. Alitoka, akaniambia, "Mwambie asije," akarudi ndani. Sikumwambia dada. Mtu hapelekewi ujumbe wa namna hiyo na ndugu yake.

Sasa, Jumamosi iliyotangulia Jumatatu ile, afande wa mlangoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimvuta dada pembeni akamwambia mambo mawili. La kwanza, jina la mtoto lipo kwenye orodha ya wanaohamishwa mwisho wa mwezi, gereza la mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari. La pili, kijana hana neno na mtu, kutwa kucha yupo kwenye sataranji. "Ubao unaruhusiwa chumba cha wageni, mama," alisema. "Pengine akiambiwa kuna mtu wa kucheza naye, atatoka."

Basi zilibaki Jumamosi mbili. Dada asingeweza kufunga safari ya siku mbili mara kwa mara, na hata angeweza, mtu aliyekukataa karibu hatakupokea mbali. Ama amtoe mtoto huko ndani mara hizo mbili, ama amkose. Aliniambia hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza, na mguu ukiendelea kukanyaga.

Kinyozi hajinyoi. Mimi muuza vitabu nilikuwa sijui hata farasi wa sataranji anakwendaje. Lakini vitabu vya sataranji nilikuwa navyo vinne, na nikavipanga juu ya meza yake. Kimoja kilikuwa cha lugha ambayo hata herufi zake hatukuzitambua. Kimoja cha watoto, kina farasi mwenye kope ndefu anayecheka kila ukurasa. Kimoja chembamba, kimebanwa kwa pini mbili zenye kutu, hakina jalada la mbele, kwa hiyo hata jina sijui. Na kimoja kinene, jalada gumu jekundu, karatasi za kuteleza, picha za mabingwa wamejishika mashavu.

"Chukua hiki chekundu," nikamwambia. "Kina kila kitu."

"Mimi sitaki kila kitu. Nataka pa kuanzia."

"Si kimeandikwa hapo, sura ya kwanza, namna ya kuanza. Unataka nini tena?"

Nisiseme uongo. Kile kitabu kilikuwa kimeikalia rafu yangu miaka mitatu na nilikichoka. Na mimi mtu akisitasita mbele ya vitabu vyangu napandwa na hasira, nahisi ananitilia shaka. Nikamwekea mkononi, nikavikusanya vile vingine, nikavirudisha kwenye boksi.

Alikuwa na siku kumi na mbili. Alikisoma huku anapiga pasi, alikisoma huku anashona vifungo, hana ubao wala kete, anafuata kwa kidole tu. Sura ya kwanza ilikuwa na hatua kumi za kufungulia mchezo, nazo akazihifadhi kichwani kama anavyohifadhi vipimo vya wateja. Ungemsikia anajisemea, "Askari wa mfalme, mbili mbele. Farasi atoke. Askofu atoke." Mteja mmoja alidhani dada ameanza kuongea na wasioonekana, akachukua sketi yake kabla ya siku yake. Nilipomuuliza kama anaelewa, alisema, "Najua kinachofuata." Mimi nikaona hilo ndilo kuelewa.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda wote. Chumba cha wageni kina meza sita, na kila meza ina mstari wa rangi ya njano katikati ambao mikono haitakiwi kuuvuka isipokuwa kwa mchezo. Saa kubwa ipo ukutani. Dakika arobaini, hazizidi. Afande aliingia ndani kumwita, na sisi tukakaa tukitazama mlango wa chuma, na dada hakupepesa macho.

Akatoka.

Amekonda, na nywele wamemkata vibaya. Hakutuamkia. Alikuwa na ubao wa gereza kwapani na kete kwenye mfuko wa plastiki, akazipanga zote mwenyewe, zake na za mama yake, haraka, bila kuangalia. Kisha akasema neno la kwanza baada ya miezi kumi na minne: "Anza."

Dada akasogeza askari wa mfalme, mbili mbele. Akasogeza farasi. Akatoa askofu. Mimi pale pembeni nikaanza kutabasamu kama mjinga. Mtoto alimtazama usoni, akatazama ubao, halafu akasogeza askari wa pembeni kabisa, hatua moja, hatua isiyo na maana yoyote.

Hiyo haikuwemo kitabuni. Niliona dada anavyotafuta kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na hapati. Mkono ukaenda kwenye kete, ukarudi. Mwishowe akafanya hatua iliyokuwa inafuata kwenye kitabu, vivyo hivyo, na mtoto akachukua malkia wake bila hata kufurahi.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna aliyenituma, baba."

"Ni yule mshauri wa gereza. Kila wiki ananiletea maneno, mpe mama yako nafasi, mpe mama yako nafasi. Sasa amekufundisha na vya kufanya. Umekaririshwa hivi."

"Nimesoma kitabu."

"Umekaririshwa. Hujui hata unachokifanya." Akaanza kurudisha kete kwenye mfuko. "Wewe ukija kwa sababu ya watu, mimi sitoki. Si kwa sataranji, si kwa kitu chochote." Akaondoka, na saa ilikuwa imekwenda dakika tisa tu.

Alimwita wewe. Hakumwita mama.

Tulifika dukani, dada akavua kanda mbili, akaenda moja kwa moja upande wangu wa chumba, akavuta maboksi yangu yote kutoka chini ya rafu na kuyamwaga sakafuni. Vitabu ninavyovipanga kwa siku nzima. Nikapandisha hasira.

"Umerukwa na akili?"

"Kitabu chako kinajua kila kitu," akasema, yupo magotini anatafuta. "Kinajua kila kitu isipokuwa kwamba mimi sijui. Nilikwambia nataka pa kuanzia, ukanipa cha kujaza rafu."

"Mimi ndiye niliyempeleka mtoto gerezani? Shati nilimpa mpelelezi mimi?"

Likishatoka limetoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Dada akaendelea kupekua, mgongo kwangu, na mimi nikasimama pale natamani ardhi inimeze. Halafu akasema taratibu, "Nisaidie kutafuta kile chembamba." Nikapiga magoti nikatafuta naye.

Safari hii alichagua mwenyewe, na namna alivyochagua ndiyo iliyonifundisha mimi biashara yangu mwenyewe, uzeeni. Aliviweka vyote vinne mezani, akavifungua kimoja kimoja, ukurasa wa kwanza tu. Akawa anakiuliza kila kitabu kama anavyomuuliza mwanafunzi anayekuja kuomba kazi ya ushonaji: nikikufuata mpaka mwisho wa ukurasa huu, mkono wangu utakuwa umefanya nini? Kile cha lugha ya ajabu akakiweka kando. Cha mabingwa, ukurasa wa kwanza ulikuwa historia. Cha watoto kilitaka ajue majina ya kete zote thelathini na mbili kabla ya kugusa moja. Akafungua kile chembamba.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa ubao mtupu wenye kete tatu tu. Mfalme mmoja hapa, mfalme mwingine kule, na askari mmoja. Chini imeandikwa kwamba hivi ndivyo mchezo unavyokwisha, na anayejua unavyokwisha hatapotea njiani. Kete nyingine zinaongezwa moja moja kadiri unavyofungua kurasa, na ubao uliojaa unakutana nao ukurasa wa mwisho kabisa.

"Kinaanzia mwishoni," nikasema. "Aliyekiandika alikuwa mlevi."

"Wewe umewahi kuniona najifunza nguo kwa kuanza na kitambaa?" Na kweli, sijawahi. Kila mshono mpya anaokutana nao, dada anaomba nguo iliyokwisha, anaifumua polepole kuanzia pindo, mpaka anafika kwenye vipande vitupu. Alivyojifunza koti ni hivyo, na gauni la harusi ni hivyo. "Hiki ni cha kufumua," akasema. "Hiki nitakiweza."

Alishona ubao siku ile ile, vipande vya kitambaa cheusi na cheupe, miraba sitini na nne, yote sawa hadi ukipima unaogopa. Kete zilikuwa vifungo. Vikubwa vya makoti ni wafalme na malkia, vya shati ni askari, na farasi ni vile vya mfupa vyenye ncha. Mchoro wa kitabu ulikuwa mdogo kuliko kiganja, yeye akaunakili kwa chaki kwenye karatasi ya kukatia, akaufuata huo. Na kwa kuwa hakuwa na mwingine, nilicheza naye mimi. Siku kumi na nne, kila tukikosa wateja. Wiki nzima ya kwanza wafalme wawili na askari mmoja, mpaka nikaviota vifungo. Ukibaki na mfalme peke yake, kitabu kilisema, usikimbie. Simama mbele ya askari wa mwenzako, mfalme wako amtazame mfalme wake, mraba mmoja katikati yenu. Nilimkimbiza, nilimzunguka, nilijaribu hata kuiba hatua alipoinama kuokota sindano. Hakukimbia. Ukurasa wa mwisho, wa ubao uliojaa, tuliufikia Ijumaa mchana, na tukaucheza mara mbili tu.

"Atatoka?" aliniuliza akikunja kile kitambaa.

Ningeweza kusema atatoka. "Sijui, dada," nikasema.

Jumamosi ya pili ua wa gereza ulikuwa na malori mawili yamesimama. Vitu vya wanaohamishwa vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi, na ubao wa gereza ndani yake. Afande alikunjua kitambaa chetu, akakikung'uta, akavihesabu vifungo thelathini na viwili kimoja kimoja na kuviandika. "Vitoke hivyo hivyo," akasema. Halafu akaingia ndani kumwambia.

Safari hii hakutoka mara moja. Dada alipanga vifungo, vyake na vya mtoto, akakaa mikono mapajani. Dakika tano. Meza ya jirani kuna mtu alikuwa anamwimbia mtoto mchanga. Dakika kumi na moja. Nilianza kusema moyoni, mwanaharamu huyu nikimshika, halafu nikakumbuka kwamba ni wangu. Afande akachungulia, akatikisa kichwa kidogo, akarudi ndani tena bila kuombwa, Mungu ambariki. Dakika ya kumi na nne mlango wa chuma ukalia.

Alikuja mpaka mezani lakini hakukaa. "Nimekuja kukwambia usihangaike kunifuata huko," akasema, na akiwa bado anasema macho yake yakashuka kwenye kitambaa.

"Nani amekupangia hivi?"

"Nimepanga mwenyewe," dada akajibu. "Kitabu ndivyo kinavyosema."

"Hakuna kitabu duniani kinachosema hivi. Kona ya kulia inatakiwa kuwa nyeupe, yako nyeusi. Mfalme amekaa kwenye nafasi ya malkia. Kila kitu kiko kinyume."

Siku kumi na nne tumecheza, na kumbe tumecheza upuuzi. Dada alitazama ubao, akatazama kiganja chake, kana kwamba mkono ndio uliomsaliti. Nilisubiri ageuke aondoke, na hiyo ndiyo ingekuwa mara ya mwisho.

Hakuondoka. Aliinama, akainamisha kichwa upande, akaushika upindo wa kile kitambaa kati ya vidole viwili na kuufunua kidogo, kama mtu anayekagua nguo ilivyoshonwa. Alikulia chini ya ile meza ya kukatia, mtoto yule. Alijua kabla ya kujua kusoma kwamba mchoro wa karatasini ni nguo inavyoonekana kwa nje, na chaki inapigwa ndani ya kitambaa, kwa hiyo cha kulia unakipeleka kushoto. Mkono wa dada umefanya hivyo miaka thelathini na moja bila kumuuliza mwenyewe, na ulipokuwa unanakili mchoro wa kitabu ukafanya hivyo tena.

"Umekikata kwa ndani," akasema.

Dada akafunika mdomo.

"Yule mshauri hakukufundisha wewe," mtoto akasema, na sauti ilikuwa imeanza kumponyoka. "Mtu yeyote angekufundisha, angekurekebisha. Hii umeifanya mwenyewe tu." Akavuta benchi akakaa.

Nikanyoosha mkono nivipange upya vile vifungo. Akanizuia. "Acha, mama mdogo. Tunacheza hivi hivi."

Zilibaki dakika ishirini na tatu. Nilikuwa natazama saa kuliko ubao. Mwanzoni dada alicheza vibaya, maskini, maana mwanzo ndio asioujua. Mtoto alimla farasi, akala ngome, na mara mbili tatu kwa sababu ya ukinyume ule yeye mwenyewe akapeleka askofu wake mahali pa kijinga, akaguna, na dada akamla. Walikuwa wakibadilishana haraka, kipande kwa kipande, na ubao ukawa unafumuka. Dada alikuwa anatulia kadiri vifungo vinavyopungua. Mimi nilikuwa siwezi hata kukaa.

Dakika nane kabla ya mwisho, mtoto alikuwa na mfalme na askari mmoja. Dada alikuwa na kifungo kimoja cha koti, mfalme peke yake.

"Basi," mtoto akasema. "Nikimfikisha huyu mwisho anakuwa malkia, na umekwisha."

"Mfikishe," dada akasema, na akasogeza mfalme wake, akasimama mbele ya askari.

Alijaribu upande wa kulia. Dada akaenda naye. Alijaribu kushoto. Dada akaenda naye, mraba mmoja katikati, haongei, hakimbii. Mtoto alinyanyua macho, akamtazama kwa namna ambayo sijamwona akimtazama tangu ana miaka kumi. Akasukuma askari mara ya mwisho, na mfalme wa dada akabaki hana pa kwenda na hakuna aliyemshambulia.

"Sare," mtoto akasema polepole. "Nimekuzidi mchezo mzima, halafu sare. Hii umeijua wapi?"

"Ndiyo niliyoijua kwanza."

Akacheza na kile kifungo mkononi. Halafu, bila kunyanyua uso, akauliza kile alichokuwa amekimeza miezi kumi na minne. "Kwa nini hukulifua?"

Nikaona niseme. Siku nyingi nilikuwa nimeliacha lile la shati libebwe na dada peke yake. "Maji nilishaweka mimi," nikasema. "Beseni lilikuwa miguuni kwake. Nilimwambia alitumbukize."

Akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Hakuwa analijua hilo.

"Ningelifua," dada akasema, "ningekuogopa. Kila ukifungua mlango jioni ningekuogopa, na wewe ungejua naogopa, na tungeishi hivyo. Afadhali unichukie. Mtoto anayenichukia bado nina mtoto."

Afande akaita muda. Alihesabu vifungo, vikatimia. Mtoto alisimama, akakikunja kile kitambaa, mshono juu ya mshono, kama alivyofundishwa, akamrudishia mama yake mikononi, na mikono ikavuka ule mstari wa njano, na afande akawa anasoma orodha yake kwa makini sana. "Huko ni mbali, mama," akasema. "Usije. Nitaandika."

Watu husema nitaandika. Mwezi wa kwanza hakuna. Wa pili hakuna. Dada alikuwa akisikia baiskeli ya posta anaacha kukanyaga cherehani, na mimi nikawa namgombeza mtu wa posta kwa makosa ambayo si yake. Wakati huo huo nilikuwa nimekibandika kile kitabu chembamba jalada la karatasi ngumu, na aliyekuja kuuliza kitabu cha sataranji kwa asiyejua kitu nilimwambia kipo lakini hakiuzwi, akae asome hapa hapa.

Wiki ya kumi barua ikafika. Ndani yake karatasi moja, haina salamu, haina maneno zaidi ya jina la mama yake juu. Ni mchoro wa ubao uliojaa, miraba imepigwa kwa rula, na askari mmoja amesogezwa mbele kusubiri jibu. Dada aliutandaza juu ya meza ya kukatia, chini ya mwanga. Mfalme alikuwa kwenye nafasi ya malkia, na kona ya kulia nyeusi.

Nilipousogeza dirishani niliona karatasi imechakaa kwa kufutwa. Chini ya mistari kulikuwa na mistari mingine hafifu. Alikuwa ameuchora ubao mzima sawasawa, kama unavyochorwa na watu wote, halafu akaufuta na kuuchora upya kwa ndani.